Megi utaongeza, foleni je?

"Fundi, intaneti inasumbua, tuongezee megi", yaani megabiti kwa sekunde. Naisikia hapa Arusha, kuanzia Njiro hadi Usa River, na wageni wakianza kumiminika mwezi wa sita inakuwa kama salamu. Juzi imekuja na nyongeza: bosi mmoja wa kampuni ya utalii kaniambia kupanga trafiki ya mtandao (nani apite kwanza kwenye laini) ni kazi ya enzi za dishi la setilaiti. Siku hizi fiba ni rahisi, ukikwama unanunua kifurushi kikubwa, basi. Nimechoka kujibu hili kwenye WhatsApp. Naandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Nianze kwa kumpa haki yake. Enzi za dishi tulipanga kwa sababu hatukuwa na namna: setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ilizidi nusu sekunde, na kilobiti chache waligawana ofisi nzima. Nyaya za fiba za baharini zilipofika, Seacom Dar mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, mengi tuliyokuwa tukiyafanya yalikosa kazi. Squid ya kuhifadhi kurasa? HTTPS, inayofunga kurasa kwa siri, imeimaliza. Kufungia YouTube? Vijana wanawasha data zao. Kubadilisha DNS, inayotafuta anwani ya tovuti, ili "iwe fasta"? Kwa kawaida unaokoa milisekunde chache, tena mara moja tu, maana jibu likishapatikana linahifadhiwa. Kama kupanga trafiki ndiyo hayo, bosi yuko sahihi, hela yake akanunulie megi.

Ila megi ni kiasi, siyo wepesi. Basi la abiria 60 haliwahi Dar kuliko la abiria 30. Ndani ya fiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hakuna kifurushi cha kuzirudisha. Seva yenu ya kupokea oda za wageni iko Ulaya. Kutoka hapa ping yake ni milisekunde 150 hivi. Kabla ukurasa haujaanza kushuka, TCP, inayofungua mawasiliano, imekwenda na kurudi, TLS, inayoyafunga kwa siri, imekwenda na kurudi (ya zamani, 1.2, mara mbili), kisha ombi lenyewe. Karibu nusu sekunde imeshaliwa, uwe na megi 5 au 500. Mike Belshe wa Google alilipima hili mwaka 2010 akaona ukivuka megi 5 hivi, kuongeza megi hakusaidii sana ukurasa kufunguka, wakati kupunguza muda wa safari kunasaidia kila hatua. Kurasa za leo ni nzito zaidi, hiyo 5 siishikilii. Mwelekeo ni uleule.

"Mbona speed test inasoma 20?" Kwa sababu seva ya kipimo iko Dar, na unapima wakati hakuna anayepakia kitu. Hapa ndipo pananikera, tukae kidogo.

Gaidi, yaani muongoza watalii wenu, karudi toka Serengeti, simu imeshika Wi-Fi ya ofisi, video zinaanza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini yenu ina megi 2 za kupakia, na ruta ina bufa (sehemu data inaposubiri zamu) ya kilobaiti 256. Piga hesabu: bufa ikijaa, paketi (kifungu kidogo cha data) inayoingia nyuma ya foleni inasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka mlangoni kwenu. Sauti ya Zoom na wakala wa Ujerumani iko kwenye foleni hiyohiyo. Na jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: hata anayepakua tu lazima atume vijibu vya "nimepokea", na vijibu hivyo vimekwama nyuma ya video za simba za gaidi. Upakuaji unashuka. Mnaniita kwamba upakuaji umeshuka, mnanunua megi za kupakua. Tatizo lilikuwa upande wa pili.

Kwa nini TCP haijizuii? Kwa sababu inajizuia paketi inapopotea. Oktoba 1986, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, majirani kabisa, ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Mtafiti Van Jacobson na wenzake waliifundisha TCP kupunguza mwendo ikiona upotevu. Baadaye kumbukumbu ikawa rahisi, watengenezaji wakajaza mabufa makubwa ili paketi isipotee kamwe, na TCP ikawa haipati ile ishara inayoisubiri. Mhandisi Jim Gettys alianza kulipigia kelele mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson huyohuyo wakatoa CoDel, njia ya kusimamia foleni, ambayo haiangalii urefu wa foleni bali muda paketi iliokaa ndani yake: usiposhuka chini ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kutupa. Ndugu zake fq_codel na CAKE wanatenganisha pia mazungumzo, ili video ya mmoja isizibe simu ya mwingine. Zote mbili zimo kwenye RouterOS 7, programu ya ruta za MikroTik, bure. Wengi wenu mnayo ukutani, inasubiri tu kuguswa.

Sharti ni moja: foleni iwe kwako, isiwe kwenye kifaa cha mtoa huduma. Kwa hiyo naibana ruta chini kidogo ya kasi halisi, 20 naiweka 18. Hapo ndipo simu zinaanza. "Fundi, megi zetu mbili ziko wapi?" Zoom haikatiki, gaidi anapakia, mhasibu anafanya malipo, lakini speed test inasoma 18, basi mimi ni mwizi.

Bosi anaweza kusema megi zikiongezwa mara mbili foleni ileile inaisha kwa nusu ya muda. Kweli. Kuna ofisi ya watu watatu ambapo ujira wangu ni ghali kuliko kifurushi cha juu, na huwa nawaambia hivyo, japo mke wangu hapendi. Kwenye 4G nina wasiwasi zaidi: kasi inayumba kila saa, kikomo cha asubuhi jioni ni uongo, na sijaona mpangilio unaoniridhisha. Na Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, mipangilio yangu yote haikusaidia kitu. Foleni ilikuwa baharini huko, nje ya mikono yangu.

Kwa hiyo kabla hujanipigia, fanya hivi. Chomeka laptop kwa waya kwenye ruta, piga ping 8.8.8.8 (seva ya Google) ofisi ikiwa kimya, halafu pakia video kubwa na uitazame ping. Ikiruka kutoka milisekunde makumi hadi mamia, nakuja, ni kazi ya saa moja. Ikitulia hata wakati wa kupakia, laini haina foleni. Kinachowasumbua pengine ni Wi-Fi inayopenya kuta tatu za tofali kwenda mapokezi. Hapo mtafute wa kuvuta waya.