Snow Flower and the Secret Fan: yanayosemwa na yaliyo kweli

Filamu ya Snow Flower and the Secret Fan ilitoka mwaka 2011, ikiongozwa na Wayne Wang, yule yule wa The Joy Luck Club ya mwaka 1993. Imetokana na riwaya ya Lisa See iliyochapishwa mwaka 2005, kuhusu Lily na Snow Flower, wasichana wawili wa mkoa wa Hunan, kusini mwa China, katika karne ya 19. Wangali watoto wa miaka saba wanafungishwa mkataba wa kuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Wengi wameijua hadithi hii kwa kuiona kwenye skrini tu, na maneno yanayozunguka juu ya marafiki hawa na maandishi yao ya wanawake, yaitwayo nüshu, yamekwenda mbali na ukweli. Baadhi yanakidhulumu kitabu.

"Ukishaiona filamu, kitabu umekimaliza"

Hapana. Sehemu kubwa ya filamu haimo kitabuni kabisa. Nina na Sophia, marafiki wawili wa Shanghai ya leo, walibuniwa kwa ajili ya filamu. Li Bingbing anaigiza Nina na pia Lily. Jun Ji-hyun wa Korea Kusini anaigiza Sophia na pia Snow Flower. Hugh Jackman naye yumo, kama Arthur, mpenzi wa Sophia. Kitabuni humtafuti Arthur ukampata.

Unachokikuta huko ni Lily mwenyewe, ajuza wa miaka 80, akisimulia maisha yake huku akijua kwamba alimkosea mtu ambaye hawezi tena kumwomba radhi. Sauti hiyo ndiyo inayobeba riwaya, na kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa ya filamu. Kila unapoanza kuwazoea wale watoto waliofungwa miguu ili isikue, unarudishwa hospitalini Shanghai alikolazwa Sophia bila fahamu, na uchungu wa hadithi ya kale unakatika njiani.

"Nüshu ilikuwa lugha ya siri ya kuwaficha wanaume"

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote. Kwanza, nüshu si lugha, ni maandishi. Yanaandika lahaja ya wilaya ya Jiangyong, lahaja ambayo wanaume wa huko nao walikuwa wakiizungumza kila siku. Alama zake ni nyembamba, zimelala upande, zinaandikwa kwa safu kutoka juu kwenda chini, na safu zenyewe zinaanzia kulia. Nyingi zilitokana na herufi za Kichina zilizogeuzwa umbo. Wanawake waliyatumia kwa sababu elimu ya herufi za Kichina ilikuwa ya wanaume.

Pili, yaliyoandikwa yaliimbwa. Wanawake walikaa pamoja chumba cha juu wakishona na kutarizi, na barua ikisomwa ilisomwa kwa sauti, kwa mahadhi. Mwanamume aliyepita chini aliweza kusikia na kuelewa. Ila hakuona kuwa ni jambo la kumhusu.

Mfano mzuri ni kitabu cha siku ya tatu. Msichana akiolewa, siku ya tatu baada ya harusi alipelekewa nyumbani kwa mume kitabu kidogo chenye jalada la kitambaa. Kurasa za mwanzo zilijaa beti za nüshu: pongezi, majonzi ya kuachana, maneno ya mama na ya marafiki. Kurasa zilizobaki ziliachwa tupu, ili bi harusi aweke humo nyuzi zake na vielelezo vya kutarizia. Kitabu hicho kilisomwa mbele ya wanawake wa nyumba ya mume. Siri gani inayoletwa ukweni na kuimbwa? Ni kama jina la kanga: kila apitaye anaweza kulisoma, lakini anayejua limemlenga nani ni yule anayeujua ugomvi.

"Urafiki wao uliuawa na waume na mila"

Waume na mila viliwaumiza, hilo halina ubishi. Lily, mtoto wa mkulima maskini, anaolewa na ukoo wa Lu wenye mali. Snow Flower, aliyezaliwa katika nyumba ya wakubwa, anaolewa na mchinjaji kwa sababu baba yake ameiteketeza mali yote kwa kasumba. Vita vya Taiping, uasi mkubwa dhidi ya watawala wa China, vinapofika wanakimbilia milimani wakati wa baridi, na huko Snow Flower anafiwa na mtoto na kupigwa na mumewe.

Lakini aliyeuvunja urafiki ni Lily. Kila rafiki yake anapolia, yeye anatoa nasaha zile zile: vumilia, mtii mume, zaa mtoto mwingine wa kiume. Mwishowe Snow Flower anamwandikia kwenye upepeo wao, ule wanaoandikiana tangu utotoni, kwamba hawezi kuwa vile Lily anavyotaka awe, na kwamba wapo dada watatu wa kiapo walioahidi kumpenda kama alivyo. Lily anayasoma maneno hayo kuwa ameachwa na nafasi yake imechukuliwa. Anaweka kinyongo, na baadaye anamwaibisha mbele ya wanawake wenzao, akitoa hadharani mambo ambayo rafiki pekee ndiye angeyajua. Ukweli anaupata baadaye sana: Snow Flower hakuwahi kula kiapo na wale wanawake. Walimpa sikio tu, jambo ambalo Lily hakumpa.

Hapa ndipo Lisa See alipoonyesha kwamba ameielewa nüshu. Alama moja inasimamia sauti, na sauti moja inaweza kuwa maneno kadhaa. Msomaji hulazimika kujaza maana kwa anachokijua kuhusu mwandishi na maisha yake. Tangu utotoni Lily amefundishwa hivyo. Siku ilipohitajika, aliujaza upepeo kwa wivu wake mwenyewe. Wanaoita nüshu msimbo wa siri wanalipita tukio hili bila kuliona, kwa sababu wanamtafuta mwanamume aliyeiba barua, na hayupo.

"Kila msichana wa Jiangyong alikuwa na laotong"

Laotong ni mwenza mmoja wa rika, wa maisha, kama walivyokuwa Lily na Snow Flower. Kitabuni kwenyewe mshenga anaeleza kuwa ni bahati ya wachache. Kilichoenea zaidi ni makundi ya dada wa kiapo. Gao Yinxian, mmoja wa waandishi wa mwisho wa nüshu, aliyefariki mwaka 1990, alikuwa katika kundi la dada saba wa namna hiyo.

"Ni kisa cha kweli"

Lily na Snow Flower ni wa kubuni. Vijiji vyao kitabuni, Puwei na Tongkou, vipo kweli. See alisafiri hadi Jiangyong mwaka 2002 na kukutana na Yang Huanyi, aliyekuwa na miaka zaidi ya 90 na alijifunza nüshu utotoni.

"Nüshu ilikufa na Yang Huanyi"

Yang Huanyi alifariki mwaka 2004, na ni kweli kwamba ule mlolongo wa mama, shangazi na marafiki kurithishana ulikatika. Ulikuwa umedhoofika zamani, wasichana walipoanza kwenda shule na kujifunza herufi za Kichina, kisha Mapinduzi ya Utamaduni ya China (1966–1976) yakayaandama maandishi haya. Vitabu vingi navyo vilizikwa au kuchomwa pamoja na wenye navyo, kwa matakwa yao. Lakini wataalamu walikuwa wameanza kuyakusanya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Puwei ina jumba la makumbusho ambako wanawake wanafundishwa kuandika na kuimba, na mwaka 2017 alama karibu 400 za nüshu ziliingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya alama za kompyuta, kwa hiyo leo zinaweza kuandikwa kwenye kompyuta na simu.