Sindano Kwanza: Dhana Potofu Kuhusu Seti ya Kupigia Santuri

Marehemu baba aliniachia sanduku la santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi za dansi na chache za taarabu. Nilipozitafutia mashine nilianza na spika, na zikamaliza karibu pesa zote. Kilichobaki kilinunua gramafoni ya mtumba ambayo hakuna aliyejua sindano yake imeshapiga kwa saa ngapi. Kila mwimbaji alipofika kwenye "s", spika zilichachatika kama mafuta yanayokaangwa. Mbaya zaidi, santuri mbili nilizozipenda kuliko zote zinachachatika hivyo mpaka leo, hata kwa sindano mpya. Ndiyo maana jambo hili naliandika kwa uchungu.

Dhana: Spika kwanza, vingine vitafuata.

Ina chembe ya ukweli, kwa sababu ukibadilisha spika utasikia tofauti kubwa kuliko ukibadilisha amplifaya. Lakini spika mbovu haiharibu santuri. Sindano ndiyo pekee inayoigusa, na iliyochakaa hugeuka patasi. Ncha ya almasi iliyolika hupata kingo kali, nazo huchonga kuta za mfereji wa santuri, ambamo sauti imekatwa. Kilichochongwa hakirudi.

Katika miaka ya 1970, Ivor Tiefenbrun wa Linn, kampuni ya gramafoni ya Glasgow, Uskoti, alibishana na wafanyabiashara walioamini kwamba gramafoni yoyote inatosha mradi sahani izunguke. Hoja yake ilikuwa kwamba kilichopotea kwenye chanzo hakuna kifaa cha mbele kitakachokirudisha. Namuunga mkono, ingawa kwangu kubwa zaidi ni usalama wa santuri yenyewe.

Dhana: Sindano nzuri ni ya matajiri.

Katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, kama Ortofon 2M Red au Audio-Technica AT-VM95E, ni za daraja la chini kwa bei, na zinapiga vizuri sana. Uzuri wake mwingine ni kwamba sindano huchomoka, kwa hiyo ikichakaa hununui katriji nzima. Maisha ya sindano huhesabiwa kwa mamia ya saa, kulingana na umbo la ncha. Ukisikiliza saa moja kila siku, saa 500 zinaisha kabla ya mwaka na nusu. Ukinunua gramafoni ya mtumba, bei ya sindano mpya iweke kwenye bajeti kabla hujatoka nyumbani.

Dhana: Sindano ikiruka, weka sarafu juu ya mkono wa gramafoni.

Wengi tumekulia nyumba zilizofanya hivyo. 2M Red inataka ncha ikandamize santuri kwa uzito wa gramu 1.8, na AT-VM95E inataka gramu 2. Sarafu huongeza gramu kadhaa kwa mpigo, mzigo ambao katriji hizo hazikuundiwa. Kuruka kuna sababu zake: uchafu, mkwaruzo, mashine isiyokaa sawasawa, au uzito uliopangwa vibaya. Nunua mizani ndogo ya sindano. Ni rahisi, na kazi yake huisha ndani ya dakika kumi: unaweka ncha juu ya kibao chake, unazungusha kile kizito cha nyuma ya mkono polepole, unasoma tena, mpaka namba ilingane na kipimo cha katriji yako.

Wengine huogopa uzito mpaka wakapunguza kupita kiasi. Hilo nalo ni kosa, maana sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake. Fuata kipimo cha mtengenezaji.

Dhana: Sindano moja inapiga santuri zote.

Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za enzi hizo ni za mizunguko 78. Mfereji wake ni mpana. Unataka ncha ya takriban mikroni 75, wakati ncha ya santuri za baadaye ni kama mikroni 18 tu. Sindano ya kisasa huzama hadi chini ya mfereji, ikasomba vumbi la miaka tisini badala ya sauti. Mwenye katriji ya jamii ya AT-VM95 anaweza kuchomeka sindano ya SP iliyotengenezwa kwa ajili ya 78, akapandisha uzito hadi gramu 5. Hakikisha tu gramafoni yenyewe ina mwendo wa 78.

Dhana: Gramafoni huchomekwa tundu lolote la amplifaya.

Katriji ya kawaida hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na mashine ya CD hutoa volti 2 hivi. Tena santuri hukatwa huku besi imepunguzwa na sauti nyembamba zimepandishwa, ili mfereji usitanuke mno na kuchachatika kusizidi. Lazima kitu kirudishe mizani hiyo, ndiyo kazi ya tundu lililoandikwa PHONO. Amplifaya isiyo nalo itahitaji kiboksi chake kando. Ila kama kiboksi kimo tayari ndani ya gramafoni, ukiichomeka PHONO sauti itakwaruza vibaya.

Dhana: Waya ghali husafisha sauti.

Waya mzima unatosha. Ukisikia mvumo, kaza kwanza ule mwembamba wa ethi unaotoka nyuma ya gramafoni.

Pesa ikibaki, ndipo urudi kwenye spika, na usiziweke meza moja na gramafoni. Mtikisiko wa besi hupanda kwenye sindano, ukarudi kwenye spika, ukapanda tena, mpaka chumba kizima kinanguruma. Gramafoni yangu sasa iko juu ya rafu iliyopigiliwa ukutani.