Ukijaribu rejista kwa namba 1, hujajaribu kitu

Nimeletewa tena ripoti ya majaribio ya debaga, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine inapoendeshwa, pamoja na rejista, vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. Maneno ni yaleyale: "Nimeweka 1 kwenye rax, nikasoma al, ax, eax na rax, zote zimeonyesha 1. Debaga iko sawa." Ripoti za namna hii nimezirudisha mara nyingi mno, na kila mara naulizwa kosa liko wapi.

Kosa ni kudhani kwamba namba yoyote inatosha. Majina hayo manne si rejista nne, ni rejista moja ya biti 64 inayosomwa kwa vipimo tofauti: eax ni biti 32 za chini, ax ni 16, al ni 8, na ah ni baiti (biti 8) inayoifuata al kwa juu. Ukiweka 1, biti 63 zilizobaki zote ni sifuri. Debaga inayosoma biti 64 pale ulipoomba 8 itakuonyesha 1. Inayosoma 8 pale ulipoomba 64, nayo 1. Inayokosea alama ya hasi, 1 vilevile. Debaga nzima na debaga mbovu zinakupa jibu moja, sasa umejua nini?

Wengine wakiambiwa hivyo hukimbilia kujaza f tupu, 0xffffffffffffffff (0x huashiria heksadesimali, namba za msingi wa 16, ambamo kila tarakimu mbili ni baiti moja). Hapo angalau upana unaonekana. Lakini al ni ff, na ah nayo ni ff. Niliwahi kupoteza siku nzima kwenye jedwali la rejista ambamo ah ilikuwa inasoma baiti ya al. Majaribio yote yalikuwa yamepita, maana aliyeyaandika alijaza f kila mahali.

Mimi hutumia 0x8182838485868788, na ninamsihi kila ninayefanya naye kazi aitumie. Hakuna baiti mbili zinazofanana, na biti ya juu ya kila baiti ni 1. Kwa heksadesimali, al lazima iwe 88, ah 87, ax 8788, eax 85868788. Ukiona 87 kwenye al, umesoma baiti ya jirani. Ukiona 0xffffffffffffff88, alama ya hasi imesambazwa hadi juu mahali isipotakiwa. Thamani yenyewe inakutajia kosa, huna haja ya kubahatisha.

Dhana nyingine inayokaribia hiyo: kwamba kubadilisha rejista kutoka kwenye debaga ni sawa na programu kuibadilisha. Si sawa. Kwenye x86-64, yaani prosesa za biti 64 za Intel na AMD, amri ya mashine inayoandika eax hufuta biti 32 za juu za rax, ilhali inayoandika ax au al huziacha biti nyingine kama zilivyo. Lakini ukiandika set $eax = 1 ndani ya GDB, debaga ya mradi wa GNU, nusu ya juu inabaki palepale. Kwa hiyo jaribu njia zote mbili, na kila moja iwe na matarajio yake. Anayetarajia matokeo yaleyale ataripoti hitilafu isiyokuwepo.

Malalamiko mengine hunijia hivi: "Al imeonyesha -120, debaga imeharibika." Haijaharibika. GDB huichukulia al kuwa namba ya biti 8 yenye alama, na 88 ya heksadesimali kwa hesabu hiyo ni -120. Andika p/u $al upate 136, au p/x $al upate 0x88. Biti ni zilezile.

"Rejista inahifadhi baiti kinyumenyume." Hapana! Kinyumenyume ni kwenye kumbukumbu. Hifadhi rax kwenye kumbukumbu kisha uitazame kwa x/8xb, amri ya GDB ya kuonyesha baiti nane moja moja, utaona 88 ikitangulia na 81 ikimalizia. Ndani ya rejista kuna biti za juu na za chini tu.

Wapo pia wanaosema xmm0, rejista inayobeba namba kadhaa kwa pamoja, ina namba moja. Ina biti 128, na GDB huzionyesha kwa sura kadhaa kwa pamoja: desimali nne za biti 32, mbili za biti 64, baiti 16, na kadhalika. Weka desimali nne tofauti, mojawapo iwe hasi, halafu hakikisha mpangilio wake.

Na st0, rejista ya namba za desimali, si ya biti 64. Ni ya biti 80, na hapa ndipo watu hurudia kosa la namba 1 kwa kuweka 0.5, ambayo inaenea vizuri kabisa kwenye biti 64. Tumia amri ya mashine fldpi upakie pai, kisha usome info float ndani ya GDB: heksadesimali inapaswa kuwa 0x4000c90fdaa22168c235. Ikiishia na c000 badala ya c235, kuna mahali njiani thamani imepunguzwa hadi biti 64, hata kama desimali iliyoandikwa pembeni bado inaanza na 3.14159.