Kabla ya kuuliza bei ya ekari, uliza misimu mingapi

Kila msimu wa kuandaa mashamba unapokaribia napigiwa simu na watu wanaotaka kujua jambo moja: ekari inakodishwa shilingi ngapi? Wengine wako mjini, wengine ni vijana wa kijijini ambao urithi haukuwafikia. Kazi yangu ni rutuba ya udongo, na kwa sehemu kubwa naifanya na wakulima wa mpunga na mahindi mkoani Morogoro. Wote nawajibu kwamba bei tutaizungumza, ila kwanza niambie utakaa na shamba hilo misimu mingapi.

Ukimwaga samadi ya ng'ombe leo, naitrojeni iliyomo haitoki yote msimu huu. Sehemu kubwa inaachiliwa kidogo kidogo, msimu wa pili, wa tatu, na kuendelea. Chokaa kwenye udongo wenye tindikali nayo hulipa kwa miaka kadhaa. Fosfeti ya Minjingu huyeyuka polepole. Makinga maji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, kama yale yaliyookoa miteremko ya Machakos, humtoa mtu jasho mwaka wa kwanza na faida yake huja baadaye. Sasa mpe mtu shamba la msimu mmoja. Atanunua urea, kwa sababu urea inaonekana kwenye majani ndani ya siku chache, na samadi ataipeleka kwenye kipande chake mwenyewe. Simlaumu hata kidogo. Wachumi Hanan Jacoby na Ghazala Mansuri walilinganisha vipande vya mkulima yuleyule vijijini Pakistani, cha kwake na cha kukodi, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008 wakakuta samadi inayowekwa kwenye cha kukodi ni kidogo zaidi. Mtu ni yuleyule na mikono ni ileile. Tofauti ni nani atavuna faida ya kesho.

Mfano unaoniuma zaidi ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Anayelima mpunga wa mlimani au mahindi kwenye shamba lililochoka anakijua. Kyela kina maua mekundu, Kanda ya Ziwa cha zambarau. Mbegu zake ni laini kama ugoro, mche mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa udongoni zikiwa hai kwa miaka kumi na zaidi. Huota chini kwa chini na kujishika kwenye mzizi wa mpunga, hunyonya kwa wiki kadhaa, ndipo huchomoza. Ukiliona ua, mpunga umeshaumia. Kung'oa wakati huo hakuokoi sana mavuno ya mwaka huu, bali kunazuia mbegu za mwaka ujao. Aliyekodi kwa msimu mmoja anapita katikati ya maua yale akiwahi kuvuna, na mbegu zinamwagika. Dawa yake inajulikana: kung'oa kabla ya maua, kurudisha rutuba, kupokezana na kunde au mbaazi, na marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo, ambayo majaribio ya Kyela na Morogoro yalionyesha kuwa ikitangulia mpunga hupunguza kiduha na kuongeza mavuno. Lakini nani atapanda marejea kwenye shamba la mtu atakaloliacha baada ya mavuno?

Mbona basi wenye mashamba hawakubali kukodisha kwa miaka mitano? Nikikaa nao jibu ni lilelile: "Akikaa sana atasema ni lake." Habari ya miaka 12 wameisikia, na ni kweli sheria yetu ya ukomo, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, inampa mtu anayetaka kudai ardhi yake mahakamani miaka 12 tu. Ndiyo maana kila mwaka wanambadilisha mkodishwaji, na akipanda hata mti wa kivuli wanamwambia aung'oe. Ila mahakama zetu zimeshasema kwamba mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye shamba hawezi kuigeuza ruhusa hiyo kuwa umiliki. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba ruhusa ilitolewa, na karatasi iliyosainiwa ndiyo ushahidi huo. Kwa hiyo mama mjane anayekodisha kwa mdomo mwaka hadi mwaka, akidhani anajilinda, yuko hatarini kuliko mwenye mkataba wa miaka mitano uliopita ofisi ya kijiji.

Kuna pia nusu kwa nusu, yaani mlimaji na mwenye shamba kugawana mazao sawa badala ya kodi. Uganda lilifanyika jaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 2019: wapangaji walioachiwa robo tatu ya mazao badala ya nusu walizalisha takriban asilimia 60 zaidi. Wenye mashamba huwa wananirudishia hesabu hapohapo, na wako sahihi. Nusu ya gunia kumi ni tano, robo ya gunia kumi na sita ni nne, sasa faida yangu iko wapi? Ndiyo maana mimi napendekeza kodi ya kiasi maalumu. Mwenye shamba apate gunia zake tano baada ya mavuno, na kila kinachozidi kiwe cha mlimaji. Msiandike lumbesa, andikeni kilo. Na itajwe mapema kwamba mwaka wa ukame kodi itapungua kiasi gani, maana bila hilo mlimaji ndiye atakayebeba hasara yote. Kulipa baada ya mavuno kunasaidia jambo jingine: anayetoa kodi yote taslimu mwezi wa kumi na moja mara nyingi hufika wakati wa kupanda mfukoni hana hata hela ya mbolea ya kupandia.

Mkataba usiwe mrefu. Mipaka itajwe kwa alama zinazoonekana, mke na mume wote wasaini, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote washuhudie. Miti iandikwe ni ya nani. Halafu wekeni kifungu ambacho karibu kila mkataba ninaoletewa hauna, cha misimu miwili ya mwisho, kwa sababu anayejua ataondoka mwaka wa tano huacha kuweka samadi tangu wa nne. Ama mkubaliane kabla ya mwaka wa nne kuisha kama mnaendelea, ama mwenye shamba amrudishie sehemu ya gharama ya samadi na chokaa alizoweka, kwa kiwango mlichokiandika siku ya kusaini.