Bunduki ya Kuwindia Nusu-Otomatiki: Yasemwayo na Yalivyo

Ziweke bunduki mbili mezani. Moja ina kitako cha mbao iliyong'arishwa, rangi ya asali. Nyingine ni nyeusi tii, plastiki na aluminiamu, na ina mshikio kama wa bastola. Muulize mpita njia ipi ni ya mwindaji na ipi ni ya vita, atakujibu kabla hujamaliza swali. Lakini ya kwanza ni Ruger Mini-14, ya pili ni AR-15. Zote hupiga risasi ya .223 (namba hiyo ni jina la kipimo cha unene wake kwa inchi), zote hujipakia zenyewe, na zote hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa: hiyo ndiyo maana ya nusu-otomatiki. Canada ilipopiga marufuku aina nyingi za bunduki Mei 2020, zote mbili zilikuwemo katika orodha hiyo.

Dhana potofu nyingi kuhusu bunduki hizi zinaanzia hapo mezani. Macho yanasoma umbo, na kazi inayofanyika ndani haionekani.

"Nusu-otomatiki ni rashasha yenye jina la adabu"

Risasi inapokimbia ndani ya mtutu, gesi kidogo ya baruti hupenya kwenye tundu dogo na kusukuma nyuma komeo, kile chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma. Ganda tupu hurushwa nje, springi hulirudisha komeo mbele, nalo linapopita hubeba risasi mpya na kuiingiza chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kupigwa. Kisha kila kitu kinatulia. Nyundo imenaswa na kipande kidogo cha chuma, na haitatoka hapo mpaka uachie kidole na kuvuta upya. Rashasha haina utulivu huo: kidole kikibaki kimevuta, inaendelea kumwaga.

Ukitaka kukijua kipande hicho, shika kifyatulio baada ya kupiga, kisha kiachie polepole mno. Katikati ya safari utasikia "tik" ndogo na kuihisi kwenye ncha ya kidole. Huo mlio mdogo ndio tofauti yote kati ya aina hizi mbili.

Na herufi AR, kwa wanaobishana kila kukicha, zinatokana na ArmaLite, kampuni ya Marekani iliyoibuni. Hazina maana ya silaha ya mashambulizi.

"Ilitoka jeshini ikaingia porini"

Hadithi hii ni kweli kwa AR-15 na jamaa zake, lakini si kwa ukoo mzima. Winchester ilikuwa ikiwauzia wawindaji bunduki inayojipakia tangu 1905, na Remington Model 8, iliyobuniwa na John Browning, ikafuata 1906. Jeshi la Marekani liliipokea M1 Garand kama bunduki ya kawaida ya askari wake mwaka 1936. Kwa miaka thelathini, basi, mwindaji wa Marekani aliweza kununua dukani kitu ambacho askari wa nchi yake alikuwa hajagawiwa.

"Ile nyeusi ndiyo kali zaidi"

Ukali uko kwenye risasi, si kwenye rangi. Risasi ya kawaida ya .223 ina uzito wa gramu 3.6 hivi na hutoka mtutuni na nishati ya takriban jouli 1,700. Ya .308, ambayo wengi huipakia kwenye bunduki ya mbao yenye sura ya upole, ina gramu 9.7 na karibu jouli 3,500, yaani maradufu. Ndiyo maana kuna mahali sheria za uwindaji zinaikataa .223 kwa swala wakubwa na kulungu: inaonekana ni ndogo mno kumwangusha mnyama bila kumtesa.

Usinielewe vibaya. Ndogo kwa mnyama mkubwa haina maana ya ndogo kwa binadamu.

"Nimetoa magazini, haina kitu"

Hii ningependa isomwe mara mbili. Kwa bunduki ya kukoki kwa mkono, ukishapiga, chemba inabaki na ganda tupu mpaka uvute komeo mwenyewe. Nusu-otomatiki haikusubiri. Mnyama ameanguka, mapigo ya moyo wako bado yako juu, na tayari risasi nyingine imekaa chemba, nyundo ikiwa imenaswa tayari kwa kazi. Ukichomoa magazini sasa, kile kisanduku cha risasi, umeondoa akiba tu. Ile moja hujaigusa.

Kuna kosa la pili, na hili huwapata hata wazoefu: kufanya hatua zote mbili, ila kwa kugeuza mpangilio. Mtu anavuta komeo kwanza. Risasi inaruka, anaiona ikianguka majanini, roho inatulia. Komeo linaporudi mbele linabeba nyingine kutoka kwenye magazini. Kisha ndipo anachomoa magazini. Amefanya yote aliyofundishwa, risasi ameiona kwa macho yake ikitoka, na bunduki imejaa. Mpangilio ni mmoja: mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio, magazini itoke, komeo livutwe, halafu utazame chemba na kuipapasa kwa kidole, hasa giza linapoingia.

"Haiwezi kulenga kama ya kukoki"

Ilikuwa na ukweli zamani. Vipande vingi vinavyotembea huleta mitikisiko mingi, na bunduki nzuri ya kukoki bado hushinda kwenye mashindano ya kulenga karatasi. Lakini eneo la moyo na mapafu la mnyama wa kadiri ya kulungu ni kama sahani ya sentimita 20. Nusu-otomatiki ya leo iliyotengenezwa vizuri hupanga risasi zake ndani ya sentimita 3 hadi 6 kwa mita 100. Anayemkosa mnyama kwa mita 100 na kuilaumu bunduki, mara nyingi alipiga akihema.

Wapo pia wanaodai kwamba gesi ile inayochotwa huipunguzia risasi mwendo. Kiasi kinachochotwa ni kidogo, na risasi iko karibu kutoka. Mnyama hatajua tofauti.

"Vifaa vingi, shabaha nzuri"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua darubini ya bei ya bunduki yenyewe, halafu anaifunga kwa skrubu alizokaza kwa kukisia. Piga hesabu ndogo: vishikio viwili vya darubini vikiwa umbali wa sentimita 10, na kimoja kikasogea kwa unene wa karatasi ya kuandikia, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, shabaha inahama sentimita 10 kwa mita 100. Karatasi moja tu, na nusu ya ile sahani imeliwa. Kifaa cha kukazia skrubu kwa kipimo ni rahisi kuliko darubini nyingi, na ningekinunua kwanza.

Cha pili ningerekebisha urefu wa kitako ili jicho litue nyuma ya darubini bila shingo kunyooshwa. Cha tatu ningejaribu risasi za aina tatu au nne, kwa sababu mtutu mmoja hupenda uzito fulani na kuukataa mwingine, kutegemea msokoto wa mifereji yake ya ndani. Hayo matatu hayapendezi kwenye picha, lakini karatasi ya shabaha inayaonyesha.

Mtutu mrefu? Huongeza mwendo, si usahihi. Kwa .308, kila inchi unayopunguza huondoa kama mita 6 hadi 10 kwa sekunde, na mtutu mfupi mnene hutikisika kidogo kuliko mrefu mwembamba. Ila kabla ya kukata, fungua sheria: Marekani, bunduki ya aina hii ikiwa na mtutu chini ya inchi 16 inahamia kundi jingine la kisheria lenye usajili wake, na kuwa nayo bila usajili huo ni kosa la jinai.

Kifyatulio chepesi nacho kina mashabiki. Kifyatulio safi, kisichokwaruza, kinasaidia kweli. Kilicholegezwa kupita kiasi ni balaa, hasa mikono ikiwa na glovu au baridi, na bunduki ikidondoka inaweza kujifyatua. Dalili mbaya kuliko zote ni bunduki kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Usiifurahie. Hiyo ni hitilafu, na sheria ya Marekani hutambua rashasha kwa kigezo hicho hicho: zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja. Ishushe, itoe risasi, ifike kwa fundi mwenye leseni.

"Kiwambo cha kuzuia sauti kinaifanya bubu"

Filamu zimeharibu watu. Mlio wa bunduki kubwa ya kuwindia hufika desibeli 160 na zaidi. Kiwambo kizuri hupunguza kama 20 hadi 35. Kinachobaki ni kelele kubwa, na risasi inayokimbia zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti hutoa mpasuko wake angani ambao kiwambo hakiwezi kuugusa. Faida yake ni kwa masikio ya mwindaji na mbwa wake.

"Nikishapewa leseni, naifanya nitakavyo"

Leseni ya kumiliki na ruhusa ya kuwinda nayo ni vitu viwili, na ruhusa ya kuibadilisha ni cha tatu. Uingereza ilizizuia nusu-otomatiki za risasi kubwa kwa sheria ya 1988 lakini ikaziacha za .22 ndogo. Australia ilibana sana mwaka 1996. Ujerumani inaruhusu kuwinda nazo, ila zisiwe na zaidi ya risasi 3 kwa jumla, chemba ikihesabiwa. Magazini ya 10 uliyoizoea uwanja wa shabaha inaweza kukufanya mhalifu porini asubuhi inayofuata.

Soma pia kilichochongwa kwenye mtutu. Risasi ya .223 na ile ya kijeshi ya 5.56 zinafanana hata ukizipanga kiganjani, lakini 5.56 ikipigwa kwenye chemba ya .223 inaweza kuzidisha presha. Na ile risasi unayoitoa kila jioni na kuirudisha kila alfajiri, igeuze uitazame fataki yake, kile kiduara kidogo katikati ya kitako cha ganda. Kwenye AR na bunduki nyingine kadhaa utakuta kidoa kidogo, mahali pini ya kupigia ilipogusa komeo lilipofunga. Kidoa kimoja ni kawaida. Vikianza kurundikana, au ukiona ncha imezama ndani ya ganda kuliko wenzake, itenge pembeni na uchukue nyingine.