Je, wajua kwa nini kuiga mafuta matakatifu ya Musa lilikuwa kosa zito?

Katika Kutoka 30, Musa anapewa kanuni ya mafuta ya kupaka, na vipimo vinatajwa kimoja kimoja: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (aina ya matete yenye harufu nzuri) 250, kida (magome yanayofanana na mdalasini) 500, kisha hini moja ya mafuta ya zeituni. Shekeli ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu, kwa hiyo viungo peke yake vilifika kilo 17 hivi. Hini ni lita chache tu.

Hapo pana tatizo la jikoni kabisa. Ukitia kilo 17 za magome na utomvu ndani ya lita chache za mafuta, mafuta yote yatanyonywa, ubaki na tope. Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, waliliona hilo. Maelezo mojawapo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, ni kwamba viungo vilirowekwa kwanza majini, ndipo mafuta yakamiminwa juu. Yakaelea, yakashika harufu, kisha yakaenguliwa. Agizo lenyewe linasema iwe kazi ya fundi wa manukato, na si ajabu: moto ukizidi, harufu inakwenda na moshi.

Lakini tazama viungo vyenyewe. Manemane ni utomvu wa miti ya nchi kavu, ile inayoota Somalia na Ethiopia hadi kaskazini mashariki mwa Kenya. Mdalasini tunautia kwenye pilau. Vyote viliuzwa na kununuliwa. Hata hivyo, aliyechanganya mafuta ya namna ile kwa matumizi yake, au kumpaka asiyehusika, alikatiliwa mbali na watu wake. Kwa nini, kama harufu ni ileile?

Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza kidogo hapa. “Mtakatifu” limetokana na kutakata, yaani kuwa safi, kwa hiyo mawazo yetu hukimbilia usafi. Neno la Kiebrania, kadoshi, lina maana ya kilichotengwa. Tunalo neno lililo karibu zaidi nalo: wakfu. Mtu wa pwani anaelewa bila kufundishwa kwamba shamba la wakfu haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Udongo wake ni sawa na wa shamba la jirani, ila mwenyewe si yule wa zamani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mafuta yale, na kwa kila yalichopaka: hema, sanduku la agano, meza, kinara, madhabahu, birika, Haruni na wanawe. Havikurudi tena kwenye matumizi ya kawaida. Danieli 5 inaonyesha kosa lilivyo. Mfalme Belshaza wa Babeli alipoletewa vyombo vya hekalu la Yerusalemu, hakuvivunja. Alivinywea divai karamuni, kana kwamba ni vyake.

Sasa soma barua ya kwanza kwa Wakorintho ukiwa na jambo hili akilini. Mlangoni tu Paulo anawaita watakatifu, watu wale wale ambao mbele kidogo anawakemea kwa zinaa na kwa kushtakiana mahakamani. Je, amejichanganya? La. Anawakemea kwa sababu tayari ni mali ya Mungu. Hoja yake katika 6:19-20 ni ya umiliki: ninyi si mali yenu wenyewe, mlinunuliwa kwa thamani. Usafi unafuata umiliki.

Wengi tunaugeuza mpangilio huo. Tunajisafisha kwanza ili Mungu atukubali, na matokeo yake ni uchovu, kisha unafiki, maana asiyefikia kipimo huanza kuficha. Wengine wanadhani kutengwa ni kuwakimbia majirani, ilhali Yesu katika Yohana 17 haombi wanafunzi watolewe ulimwenguni. Swali la kujiuliza kabla ya kutumia mwili, ulimi, muda au mshahara ni fupi: hiki ni cha nani?

Haruni alivaa kwenye paji la uso bamba la dhahabu lenye maneno ya kuwekwa wakfu kwa Bwana. Nabii Zekaria, katika aya mbili za mwisho za kitabu chake, anaona siku ambayo maneno hayo yatakuwa kwenye kengele za farasi, na kila chungu cha kupikia katika Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu.