Kuchagua shule ya umma: tunayoyaamini na yalivyo

"Mzazi akiruhusiwa kuchagua shule, haki imetendeka." Kauli hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inaruka swali la msingi: ni nani hasa anayechagua? Shule ikiwa na nafasi 60 na waombaji 300, anayechagua ni shule. Chile ilianza mwaka 1981 kutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, asome shule ya manispaa au ya binafsi. Shule za binafsi zilizopokea fedha hizo zikawa zinawafanyia watoto usaili, zinawahoji wazazi, na baadaye nyingi zikatoza ada ya ziada. Wasio nacho walibaki walipokuwa. Sheria ya kuondoa uchujaji na ada hizo, tena hatua kwa hatua, ilipitishwa mwaka 2015. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walipita humo katikati.

"Kugawa nafasi kwa kura ya bahati ni kuwachezea watoto." Siyo. Shule ikijaa, kura haijui mshahara wa baba wala Kiingereza cha mama. Wengi hudhani aliyewahi kuomba ndiye anayestahili, lakini tazama Sweden: shule huru nyingi, yaani za binafsi zinazolipiwa kwa fedha za umma, hupokea kwa foleni, na mzazi anayeujua utaratibu humwandikisha mtoto angali mchanga. Familia iliyohamia juzi inakuta mkia mrefu.

"Jaza tu fomu ya kuomba shule kwa ukweli, ukitanguliza unayoipenda zaidi." Boston, Marekani, ukweli huo uliwaponza wazazi hadi mwaka 2005. Ukikosa shule uliyoiandika ya kwanza, mara nyingi ile ya pili ilikuwa imeshajazwa na walioitanguliza. Wenye kujuana walizijua hila za kupanga majina. Wengine waliandika walichokipenda kweli, wakaangukia shule ambayo hawakuitaka. Mji ukahamia njia ya mwaka 1962 ya wanahisabati Gale na Shapley, ambayo shule hushikilia nafasi kwa muda tu hadi maombi yote yapitiwe, kwa hiyo haimwadhibu mtu kwa kutaja anachokitaka.

Na hili la kwamba wazazi maskini hawajali elimu, naliona ni tusi. Mama anayeingia kazini alfajiri anaijua vizuri shule nzuri ya upande wa pili wa mji. Anajua pia kwamba hakuna basi la kumfikisha mwanawe huko, na kwamba nauli ya kila siku hana. Mpango wa kuchagua shule usiogharamia usafiri mimi siuhesabu kuwa wa familia zote.